Negativu imeharibika? Soma ukingo kabla hujaitukana lenzi

Niliwahi kuuza lenzi isiyo na hatia. Ilikuwa ya milimita 150, na kwa miezi mitatu kila picha niliyopiga nayo ilitoka laini. Mzee aliyeketi barazani hana hata unywele mmoja unaosomeka, lakini mlango wa nakshi ulio nusu mita nyuma yake umetoka mkali kama umechongwa jana. Nikaitukana lenzi, nikaiuza kwa bei ya kutupa, nikakopa kununua nyingine. Nyingine nayo ikafanya vile vile. Kumbe nilikuwa nimefungua kioo cha ukungu nyuma ya kamera, kile unachotazamia picha kabla ya kupiga, nikakiosha, kisha nikakirudisha kinyume. Tutafika hapo.

Kamera ninayoizungumzia ni ile kubwa ya filamu bapa, inchi 4 kwa 5, inayosimama juu ya miguu mitatu na mpiga picha akajifunika nguo nyeusi kichwani. Filamu yake haiji kwa roli. Huja moja moja kwenye boksi, mara nyingi 25, nawe unazipakia gizani ndani ya holda, upande huu moja na upande wa pili moja, kila upande na slaidi yake nyeusi ya kufunika. Nimeibeba zaidi ya miaka arobaini, sana sana hapa Mombasa, Mji wa Kale, na safari za Lamu na Unguja kupiga milango na majumba. Kati ya kupakia filamu na kuianika, mikono yangu inapita pengine mara ishirini, na kosa karibu kila mara liko kwenye mojawapo ya mara hizo.

Kwanza, ukingo

Negativu, yaani filamu iliyosafishwa ambamo palipopata mwanga huwa peusi, ikikauka isimamishe mbele ya dirisha, na usiangalie picha. Angalia kingo. Filamu ikiwa ndani ya holda hushikwa na vijireli vyembamba pembeni, na sehemu iliyo chini ya vijireli haipati mwanga wa lenzi hata kidogo. Kwa hiyo negativu nzuri ina mpaka mwembamba ulio wazi, kama pindo la kanga lisilo na rangi.

Sasa kama negativu imeingia weusi usiotakiwa, uliza: weusi umefika hadi kwenye pindo, au umeishia kwenye mpaka? Ukiwa umeishia kwenye mpaka, mwanga uliingia filamu ikiwa ndani ya holda, kwa hiyo tafuta kosa kwenye kamera, mvukuto (ule mwili wake unaokunjuka kama kodiani), shata (mlango mdogo wa lenzi unaofunguka kupitisha mwanga) au holda yenyewe. Ukiwa umelala hadi pindoni, filamu ilipigwa na mwanga ikiwa nje ya holda: boksi halikufungwa vizuri, chumba cha giza kina ufa, au kuna taa ndogo ya chaja ya simu uliyoisahau ukutani. Hiyo taa ya chaja imenila boksi zima. Kaa gizani dakika kumi kabla hujafungua filamu, na mwisho wa dakika hizo utaona nyota ambazo hukujua ziko chumbani mwako.

Negativu imetoka tupu

Filamu nyeupe kabisa haikuona mwanga, au iliingia kwenye fiksa, dawa ya kuigandisha picha, kabla ya dawa ya kusafishia, ile inayoitoa picha. Hilo la pili humpata kila mtu mara moja. Weka trei zako kwa mpangilio ule ule siku zote, kutoka kushoto kwenda kulia, na usimkubalie mtu akusaidie kuzipanga.

La kwanza lina sababu zake. Ulisahau kuvuta slaidi. Hukuivuta shata kabla ya kufyatua. Au ulivuta slaidi ya upande usiotazama lenzi. Hapa chukua filamu mwenzake wa holda ile ile: moja ikiwa tupu na nyingine ina picha mbili zimepandana, mlango wa msikiti ukatokea juu ya tumbo la jahazi, basi ulipiga upande mmoja mara mbili. Dawa yake ni desturi ya zamani. Kila slaidi ina upande mweupe na upande mweusi kwenye ukingo wake wa juu. Mweupe ukitazama nje, filamu bado mbichi. Ukishapiga, irudishe mweusi ukitazama nje, hapo hapo, kabla hujapumua. Ukisema utageuza baadaye, hutageuza.

Negativu imetoka nyeusi yote

Kama pindo ni wazi na katikati ni nyeusi tii, karibu hakika uliacha shata wazi. Tunaifungua ili tuone picha kwenye kioo cha ukungu, tunafokasi, tunaingiza holda, tunavuta slaidi, na mwanga wa Mombasa wa saa sita unaingia wote. Mimi sasa, kabla ya kuvuta slaidi, hupita mbele ya kamera nikaitazama lenzi usoni. Watu wanaopita hudhani naikagua kwa maringo.

Weusi wa mahali pamoja, au mstari

Mstari mweusi unaoanzia upande ule slaidi inakotokea ni mlango wa holda uliochoka. Ndani yake kuna kitambaa laini na kibati cha kusukuma ambavyo huzuia mwanga slaidi ikiwa imetolewa, na kitambaa kikiliwa na miaka, mwanga hupita. Unaweza kubadilisha kitambaa ukiwa na subira. Kwa muda, funika nyuma ya kamera kwa ile nguo yako nyeusi kila unapovuta slaidi, na usiiache holda imelala juani.

Doa la weusi lisilo na mpaka mkali, linalorudi karibu mahali pale pale kwenye holda tofauti, ni mvukuto umetoboka. Mvukuto hutoboka kwenye kona za mikunjo, mahali ambapo ngozi au kitambaa hupindwa kila siku. Joto na chumvi ya pwani havisaidii. Ingia chumba cha giza usiku, toa lenzi, ingiza tochi ndogo ndani ya mvukuto ulionyooshwa mpaka mwisho, kisha uzunguke polepole. Tundu dogo kama ncha ya sindano litakutazama kama jicho la paka. Rangi nyeusi ya kitambaa, tone moja kwa ndani na tone moja kwa nje, hutosha kwa vitundu. Utepe wa umeme unafaa kwa siku moja tu, kwa sababu gundi yake huyeyuka kwa joto na ikagandisha mikunjo. Mvukuto wenye vitundu kumi na zaidi usihangaike nao, shonesha mpya.

Picha haina ukali

Hapa ndipo watu hupoteza fedha, kwa hiyo tukae kidogo.

Tenganisha kwanza aina tatu za ulaini. Kama kila kitu kina ukingo pacha, mistari miwili badala ya mmoja, kamera ilitikisika. Kama kuna kitu mahali fulani kwenye picha kilichotoka kikali, ila si kile ulichokifokasi, basi fokasi ilihama. Na kama kila kitu ni laini kwa usawa, bila pacha, tazama lenzi: alama ya kidole, ukungu wa unyevu, au umefunga tundu la lenzi kupita kiasi. Kufunga hadi f/64 (namba ikikua, tundu hupungua) huongeza kina cha ukali lakini hupunguza ukali wenyewe, kwa sababu mwanga hutawanyika unapopita kwenye tundu dogo. Kundi la wapiga picha wa San Francisco lilijiita kwa namba hiyo mwaka 1932, na wao walikuwa wakipiga filamu kubwa zaidi. Kwa inchi 4 kwa 5 mimi husimama f/22, nikilazimika f/32.

Mtikisiko kwanza. Pepo za kusi zikianza, mvukuto ulionyooshwa hugeuka kuwa tanga. Nimewahi kupiga ukuta wa Fort Jesus upande wa bahari filamu sita, zote pacha. Ning'iniza mfuko wa mawe katikati ya miguu mitatu, simama upande wa upepo na mwavuli, tumia waya wa kufyatulia uliolegea, na ukishaingiza holda subiri hadi kamera itulie. Kwenye mchanga, kita miguu mpaka ikatae kuzama. Kwenye sakafu ya mbao ya nyumba za zamani, hakuna mtu kutembea, wewe ukiwamo.

Sasa fokasi iliyohama. Chukua futi ya fundi cherehani, itandaze mezani ikiwa mshazari kwa lenzi, ifokasi kwenye namba ya katikati huku tundu la lenzi likiwa wazi lote, tuseme f/5.6, kisha upige. Fanya hivyo kwa holda tatu tofauti. Namba iliyotoka kali ikihama kwa kipimo kile kile kwenye holda zote, kosa ni la kioo cha ukungu. Ikihama kwenye holda moja tu, holda hiyo ndiyo mbaya, labda imepinda. Holda za mbao hupinda sana katika unyevu wetu.

Kioo cha ukungu kina upande laini na upande wa kukwaruza. Upande wa kukwaruza lazima utazame lenzi, kwa kuwa ndio unaokaa mahali pale pale filamu itakapokaa. Ukikigeuza, picha unayoiona imehamia nyuma kwa kama theluthi mbili ya unene wa kioo. Kioo cha milimita 2, lenzi ya 150, mtu aliye mita 3: ukali unahamia kama nusu mita nyuma yake. Nusu mita ndiyo iliyokuwa kati ya yule mzee na mlango. Futi ya fundi cherehani ingeniambia siku ya kwanza. Jaribu kwa ukucha pembeni mwa kioo, utahisi upande wenye mikwaruzo. Tahadhari hiyo hiyo kwa wanaoongeza kile kioo cha plastiki chenye mistari ya duara ili waone vizuri zaidi pembeni: kwenye kamera isiyotengenezewa, kikiwekwa upande wa lenzi huhamisha fokasi.

Mambo mengine yanayohamisha: hukukaza skrubu ya fremu ya mbele, na uliposukuma holda kila kitu kikasogea. Filamu haikuingia chini ya vijireli vyote viwili, basi ikavimba, na upande mmoja ukawa laini na pindo lake limepotea. Unaona ukingo unavyosema tena? Filamu pia hulegea kamera ikitazama chini, kwa mfano unapopiga hati au sahani mezani. Gonga holda kiganjani ubavuni kabla ya kuiingiza ili filamu ikae. Na kama unahifadhi filamu kwenye friji, liache boksi nje masaa kadhaa kabla ya kulifungua, la sivyo unyevu wa hewa utaganda juu ya filamu baridi kama jasho kwenye chupa ya soda.

Negativu nyembamba, picha haina mwili

Kabla ya kulaumu mita ya mwanga, pima mvukuto. Ukimsogelea mtu, mvukuto hurefuka na mwanga unaofika kwenye filamu hupungua. Gawanya urefu wa mvukuto kwa urefu wa lenzi, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Lenzi ya 150 kwenye mvukuto wa 210 hudai mwanga mara mbili. Kwenye mvukuto wa 300, mara nne. Nimechora alama hizo kwa kalamu nyeupe kwenye reli ya kamera, sihesabu tena.

Ikiwa ulipiga ndani ya nyumba kwa sekunde nyingi, kosa ni jingine. Filamu huchoka. Mita ikisema sekunde 10, HP5 Plus, filamu ya Ilford ya nyeusi na nyeupe, inataka kama 20. Ikisema 30, inataka kama 86. Kuna hesabu yake kwa kila filamu, na watengenezaji huitoa.

Picha iliyogeuka kushoto kulia na nyembamba mno ni filamu iliyopakiwa mgongo mbele. Gizani, shika filamu ikiwa imesimama wima na vikato vyake, vile vijipengo vya kiwandani ukingoni, viwe kona ya juu kulia: upande wa dawa unakutazama.

Shata kuukuu hukosea kwa kuchelewa, kwa hiyo yenyewe huleta negativu nzito. Mafuta yake hukauka, na sekunde 1 ikawa 2. Rekodi mlio wake kwa simu, utazame mawimbi ya sauti, upime kati ya mlio wa kufunguka na wa kufunga. Kwa kasi za polepole hiyo inatosha. Andika matokeo kwenye kipande cha utepe, ubandike kwenye kibao cha lenzi.

Na ukipata nafasi, piga mbili. Mwaka 1941 Ansel Adams, mpiga picha maarufu wa Marekani, alisimamisha gari huko New Mexico kupiga mwezi juu ya kijiji, hakuiona mita yake, akakisia kwa kuhesabu mng'ao wa mwezi. Alipogeuza holda apige ya pili, jua lilikuwa limeondoka kwenye misalaba ya makaburi. Negativu ile moja ilikuwa nyembamba sehemu ya chini na miaka kadhaa baadaye akaitia dawa ya kuikoleza. Yeye alikuwa Adams. Mimi na wewe tupige mbili.

Kona nyeusi, ukuta unaoanguka

Kona za picha zikiwa giza baada ya kuinua lenzi, umetoka nje ya duara ya mwanga wake. Filamu hii ina mshazari wa kama milimita 153, na lenzi yenye duara ya 160 haina nafasi ya kuinuliwa. Chungulia kupitia kona za kioo cha ukungu: tundu la lenzi likionekana limekatwa kama tikiti, shusha au funga zaidi. Au ni kofia ya lenzi.

Ghorofa likionekana linaanguka kwa nyuma, uliielekeza kamera nzima juu. Weka mgongo wa kamera wima kwa timazi, kisha inua lenzi peke yake.

Madoa, michirizi na maji yetu

Vitabu vya kusafisha filamu viliandikwa na watu wa nchi baridi. Nyuzi 20, vinasema. Maji yangu yanatoka kwenye tangi la juu ya paa, na wakati wa kaskazi yanagusa 30. HP5 Plus kwenye dawa ya kusafishia ya ID-11 isiyozimuliwa hudai dakika 7 na nusu kwa nyuzi 20. Kwa nyuzi 28 muda unashuka chini ya dakika 5, na chini ya hapo dawa haina wakati wa kusambaa sawasawa. Anga linatoka na mawimbi, na unadhani ni mawingu. Izimue dawa sawa kwa sawa na maji: dakika zinakuwa 13 kwa nyuzi 20, na hapo una nafasi ya kupunguza kwa ajili ya joto. Au weka barafu ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa, mfuko ndani ya beseni, trei juu ya beseni. Usitie barafu kwenye dawa yenyewe. Kilicho muhimu zaidi ni dawa zote na maji ya kuoshea ziwe na joto karibu sawa. Ukiitoa filamu kwenye dawa ya nyuzi 28 ukaitumbukiza kwenye maji ya friji, ngozi yake inaweza kukunjamana kama tope lililokauka, na hilo halirudi.

Viduara vidogo vilivyo wazi kwenye negativu ni mapovu yaliyong'ang'ania. Gonga tangi la kusafishia mara mbili tatu unapomimina dawa. Bapa kubwa lisilosafishika ni filamu mbili zilizogandana kwenye trei. Lowesha kila moja peke yake kwenye maji dakika moja kabla. Mikwaruzo mirefu ni kona ya filamu moja juu ya mgongo wa mwenzake, kwa hiyo anza na filamu nne, si kumi. Negativu yenye maziwa maziwa haijakaa kwenye fiksa ya kutosha, irudishe.

Maji ya visima vya Mombasa yana chumvi na huacha chaki negativu ikikauka. Suuza mwisho kwa maji ya betri, yale ya kuongeza, kwa jina jingine maji yaliyotoneshwa. Soma chupa mara mbili kwa maana asidi ya betri huuzwa rafu ile ile.

Kuhusu nukta: ikiwa nyeusi kwenye picha iliyochapwa, na kwenye negativu ni wazi, vumbi lilikaa juu ya filamu ulipopiga. Ikiwa nyeupe kwenye picha na negativu ni safi, vumbi liliingia ulipochapa. La kwanza linatibiwa kwa kusafisha holda kwa brashi na kuzima pangaboi unapopakia. Ndiyo, utatoka jasho. Funga kitambaa kwenye paji la uso, kwani tone la jasho nalo lina doa lake.

Holda ipi?

Yote haya hayakusaidii kama hujui filamu ilitoka holda gani. Chukua tupa ndogo, ukate vijipengo kwenye mdomo wa ndani wa kila holda, pale unapokata pindo la picha: kimoja kwa holda ya kwanza, viwili kwa ya pili, na kuendelea. Mwanga utapita kwenye vijipengo na kuacha vijino vyeusi kwenye ukingo wa kila negativu. Nilifanya hivyo nikiwa nimeshachelewa miaka ishirini. Ndani ya mwezi mmoja nikajua kwamba ile michirizi niliyoilaumu kwa joto, kwa maji, na kwa mwanafunzi wangu mmoja, yote ilikuwa na vijino saba. Holda namba saba sasa imetundikwa msumarini mlangoni mwa chumba cha giza.